Kuchora Majibu ya Watu kwa Hali Zao Mbalimbali

Mchunguzi wa lugha, kama alivyo mchunguzi wa jambo lolote la maisha ya watu, hawezi kufika mbali bila ya kuuliza. Huenda na orodha yake ya maswali, akataka kujua mtu husema lugha gani na wazazi wake, lugha gani na watoto wake, lugha gani sokoni, na lugha gani akisimama mbele ya hakimu. Maswali ya namna hiyo yalikuwa na nafasi kubwa katika ule uchunguzi wa matumizi na mafundisho ya lugha katika Afrika ya Mashariki ulioanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960, ambao matunda yake ni vitabu juu ya Uganda, Kenya, Ethiopia, Zambia na Tanzania. Kile cha Kenya kilisimamiwa na Whiteley na kutoka mwaka 1974, na kile cha Tanzania kilisimamiwa na Polomé na Hill na kutoka mwaka 1980. Na kila mwenye kuuliza huandika pia hali ya mjibu: umri wake, kama ni mwanamume au mwanamke, elimu aliyoipata, kazi yake, na kama akaa mjini au shamba.

Kukusanya majibu hayo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuyaweka mbele ya msomaji kwa namna ambayo jicho lake litaona jambo lililomo, wala halitaona jambo lisilokuwamo. Zamani kazi hiyo ilimchukua karani wiki nyingi pamoja na rula na wino. Siku hizi kompyuta huimaliza kabla chai haijapoa. Lakini wepesi huo una hatari yake, kwa sababu mashine huchora picha ya kweli na picha ya kupoteza kwa upesi ule ule, na zote mbili hupendeza machoni. Nia ya makala haya ni kueleza namna ya kuchora majibu ya watu wenye hali mbalimbali bila ya kuwapoteza watu hao njiani.

Programu za kazi hii ni nyingi. SPSS ilianza mwaka 1968 katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na mpaka leo yatumiwa sana na wachunguzi wa mambo ya jamii. R ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hiyo haiuzwi, bali kila mtu aweza kuipata bure. Kwa kuchora, wengi wa watumiaji wa R hutumia chombo kiitwacho ggplot2, kilichotungwa na Hadley Wickham na kutolewa mwaka 2007. Mambo nitakayoyaeleza ni yale yale katika programu zote. Tofauti ni majina ya amri tu.

Mfano nitakaoutumia si wa lugha, wala si wa kwetu. Nimeuchagua kwa sababu hesabu zake zimo ndani ya fungu liitwalo MASS, ambalo huja pamoja na R, katika jedwali lenye jina la housing. Kwa hiyo msomaji mwenye shaka aweza kuzichora mwenyewe na kunisahihisha. Wapangaji 1681 wa mji wa Copenhagen, nchini Denmark, waliokuwa wakikaa katika nyumba zilizojengwa baina ya mwaka 1960 na 1968, waliulizwa kama wameridhika na makao yao. Majibu yaligawiwa daraja tatu: kidogo, wastani na sana. Tena yaliandikwa mambo matatu juu ya kila mpangaji. La kwanza ni aina ya nyumba yake: nyumba za minara, yaani majengo marefu, nyumba za ghorofa za kawaida, nyumba zenye ua wa ndani, na nyumba za safu, zinazoshikana ukuta kwa ukuta. La pili ni sauti aliyojiona kuwa nayo katika uendeshaji wa nyumba: ndogo, ya wastani au kubwa. La tatu ni maingiliano yake na wapangaji wenziwe: machache au mengi. Madsen aliyatangaza majibu hayo mwaka 1976, na tangu hapo yametumiwa mara nyingi kufundishia. Badala ya aina ya nyumba, mchunguzi wa lugha na aweke umri. Badala ya sauti, elimu. Badala ya maingiliano, mji na shamba. Njia haibadiliki.

Tuanze na mchoro ulio mwepesi kuliko yote, mihimili mitatu ya majibu matatu. Walioridhika kidogo ni 567, wastani 446, na sana 668. Kwa asilimia ni 34, 27 na 40. (Jumla yafika 101 kwa sababu kila sehemu imekamilishwa peke yake, na yafaa jambo hilo liandikwe chini ya mchoro, msomaji asidhani mwandishi hajui kujumlisha.) Mchoro huu si wa uongo. Lakini wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Na mchoro wa namna hii ni mlango tu. Mtu aliyesimama hapa atasema kwamba wapangaji wa Copenhagen kwa jumla waliridhika kiasi, naye atakwenda zake.

Kabla ya kufungua mlango, kuna mambo matatu ambayo mashine haiwezi kuyajua mpaka iambiwe.

La kwanza ni uzito wa kila mstari wa jedwali. Jedwali letu halina mistari 1681. Lina mistari 72 tu, kwa kuwa kila mstari wataja namna moja ya kuchanganyika kwa hali na jibu, na safu ya mwisho yataja idadi ya watu. Anayesahau kuiambia programu kwamba safu hiyo ndiyo hesabu ya watu atapata mihimili mitatu yenye kimo kimoja sawasawa, kila mmoja 24, maana mashine imehesabu mistari badala ya watu. Mchoro huo hutoka safi, hauna onyo lolote, na kwa mtu mwenye haraka huonekana kama habari kubwa ya kwamba watu wamegawanyika sawa. Kwa hiyo, hata kabla ya kuutazama mchoro, jumla ya watu waliochorwa ilinganishwe na jumla ya watu walioulizwa.

La pili ni mpango wa majibu. Kompyuta isiyoelekezwa hupanga maneno kwa alfabeti. Majibu yetu, kidogo, wastani na sana, yatatoka kwa mpango wa kidogo, sana na wastani. Jibu la katikati litatupwa mwisho, na jicho litaona mlima mahali pasipo na mlima. Vivyo hivyo "nakubali", "nakataa" na "sijui" vikiachwa kwa alfabeti vitaanza na nakataa. Majibu ya daraja, ambayo yamezoeleka tangu Rensis Likert alipotoa njia yake ya kupima maoni mwaka 1932, yana ngazi, na ngazi haipandwi ila kwa mpango wake. Mchunguzi hana budi kuutaja mpango huo yeye mwenyewe, mara moja, mwanzoni mwa kazi.

La tatu ni kama mchoro uonyeshe idadi ya watu au asilimia. Katika mfano wetu nyumba za ghorofa za kawaida zina wajibu 765, na nyumba za safu zina 277. Tukichora idadi, wasioridhika wa ghorofa watakuwa 271 na wa nyumba za safu 133. Mhimili wa ghorofa utakuwa mrefu mara mbili, na msomaji ataondoka akiamini kwamba taabu iko kwenye ghorofa. Kwa asilimia mambo yageuka: wasioridhika wa ghorofa ni 35 katika 100, na wa nyumba za safu ni 48 katika 100. Yatakiwa basi kila kundi lihesabiwe ndani yake, na mihimili yote iwe na kimo kimoja cha 100, ikikatwa vipande vitatu kwa rangi tatu. Idadi ya watu isitupwe, bali iandikwe chini ya kila mhimili. Nitaonyesha mbele kwa nini.

Sasa tuingie ndani. Tukiweka mihimili minne ya aina nne za nyumba, twaona kwamba walioridhika sana katika nyumba za minara ni asilimia 50. Katika nyumba zenye ua wa ndani ni asilimia 40, na katika ghorofa za kawaida ni asilimia 39. Na katika nyumba za safu ni asilimia 25 tu. Watu wengi wangetazamia kinyume chake, kwamba aliye na mlango wake chini ndiye mwenye raha kuliko aliyetundikwa hewani. Tukiweka mihimili mitatu ya sauti, tofauti yazidi kuwa wazi: wenye sauti ndogo walioridhika sana ni 28 katika 100, wenye sauti ya wastani ni 40, na wenye sauti kubwa ni 58. Lakini tukiweka mihimili miwili ya maingiliano, mchoro wanyamaza. Wenye maingiliano machache walioridhika sana ni asilimia 38, na wenye maingiliano mengi ni asilimia 41. Mchunguzi mwepesi wa kuchoka ataandika hapa kwamba ujirani hauna athari kubwa, na ataifunga faili yake.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Kutazama hali moja moja, kila moja na mchoro wake, si sawa na kuzitazama pamoja. Watu hawaji kwetu wakiwa na hali moja. Mtu yuyo huyo ana umri wake, na elimu yake, na mahali akaapo, vyote kwa wakati mmoja. Basi na tuyagawe maingiliano ndani ya kila aina ya nyumba. Katika nyumba za minara, walioridhika sana wapanda kutoka asilimia 46 kwa wenye maingiliano machache hadi 55 kwa wenye maingiliano mengi. Katika ghorofa za kawaida wapanda kutoka 35 hadi 43. Katika nyumba zenye ua wa ndani, kutoka 38 hadi 41. Lakini katika nyumba za safu washuka, kutoka 33 hadi 21. Jambo lililoonekana kuwa si kitu lilikuwa mambo mawili yanayovutana, hawa wakienda huku na hawa wakienda kule, na hesabu ya jumla ikayafuta yote mawili. Wapangaji 182 wa nyumba za safu waliokuwa na maingiliano mengi walisema jambo lililo mbali na la wenzao, na katika mchoro wa kwanza sauti yao haikusikika kabisa.

Namna ya kuchora jambo hili ni kuacha mchoro mmoja mkubwa na kupanga michoro midogo ubavu kwa ubavu, yote yenye kipimo kimoja, rangi zile zile, na mpango ule ule wa majibu. Katika ggplot2 amri ya kazi hiyo huitwa facet_grid. Hutaka kuambiwa hali ipi igawe safu za kwenda chini na ipi igawe mistari ya kwenda kando. Kanuni yake ni nyepesi: hali ambazo msomaji atakiwa kuzilinganisha ziwekwe karibu karibu ndani ya mchoro mdogo mmoja, na hali inayogawa mazingira iwe ndiyo ya kutenganisha michoro. Sisi tulitaka kulinganisha maingiliano machache na mengi. Basi mihimili hiyo miwili yapasa kukaa bega kwa bega, na aina nne za nyumba ziwe vyumba vinne. Tungefanya kinyume, tungepata vyumba viwili vya mihimili minne minne, na jicho lingelazimika kuruka ukuta mara nne ili kuona jambo lile lile. Hesabu hazibadiliki, lakini msomaji wa kwanza ataona, na wa pili huenda asione.

Mtu aweza kuuliza: ikiwa kugawa kumefaa namna hii, kwa nini tusigawe zaidi? Na tugawe. Aina nne za nyumba, mara daraja tatu za sauti, mara namna mbili za maingiliano, ni makundi 24. Programu itayachora bila ya kulalamika, katika vyumba kumi na viwili vyenye mihimili miwili miwili. Katika vyumba hivyo twaona kwamba nyumba za safu zazidi kutoa habari ile ile kwa wenye sauti ndogo na wenye sauti ya wastani: maingiliano mengi, kuridhika kuchache. Lakini kwa wenye sauti kubwa hesabu yageuka. Walioridhika sana wapanda kutoka asilimia 48 hadi 54. Je, tumegundua jambo jipya? Tutazame idadi iliyoandikwa chini ya mihimili. Upande wa kwanza una watu 23, na walioridhika sana ni 11. Upande wa pili una watu 24, na walioridhika sana ni 13. Habari yote yategemea watu wawili. Lau mmoja wao angeulizwa siku nyingine, amegombana na mwenye duka, mchoro ungekuwa mwingine. Kundi dogo kuliko yote, la nyumba zenye ua wa ndani, sauti kubwa na maingiliano machache, lina watu 22. Humo kila mtu ni karibu asilimia 5 peke yake.

Ndiyo sababu nilisema kwamba idadi isitupwe. Mhimili wa watu 22 na mhimili wa watu 179 vina kimo kimoja kwenye karatasi, na mhimili wenyewe hauwezi kumwambia msomaji ni upi wa kuaminiwa zaidi. Mwandishi mwaminifu huandika idadi hiyo, na makundi yakiwa madogo mno huyaunganisha kwa sababu inayoeleweka, au huyaacha bila ya kuyatolea hukumu. Kuunganisha kuna adabu yake pia. Umri waweza kugawiwa kwa miaka kumi kumi, au kwa vizazi vyenye maana katika historia ya mahali. Lakini mipaka ikatwe kabla ya kuyatazama majibu, si baada ya kuona ni mipaka ipi itakayoleta mchoro wa kupendeza.

Yako mambo madogo ambayo si madogo kwa msomaji. Rangi za majibu ya daraja ziende kutoka nyepesi hadi nzito, ili mchoro ukipigwa chapa kwa wino mweusi mtupu usipoteze maana. Michoro ya duara iliyokatwa kama mkate yafaa pengine kwa swali moja lenye majibu mawili. Kwa makundi mengi haifai, kwa kuwa jicho hulinganisha urefu vizuri kuliko linavyolinganisha pembe. Na waliokataa kujibu, au waliosema hawajui, wasiondolewe kimya kimya. Mahali pengine kunyamaza ndiko jibu lenyewe, hasa mtu anapoulizwa juu ya lugha ya mamaye mbele ya mgeni mwenye kalamu.

Tena mchoro hausemi sababu. Twajua kwamba wenye sauti kubwa waliridhika zaidi. Hatujui kama sauti ndiyo iliyoleta ridhaa, au kama mtu aliyeridhika huwa mwepesi wa kujiona ana sauti. Twajua kwamba katika nyumba za safu wenye maingiliano mengi waliridhika kidogo. Hatujui kama ujirani uliwachosha, au kama taabu za nyumba ndizo zilizowakusanya barazani kulalamika. Lakini twaweza kusema jambo hili moja, na hesabu zatuunga mkono: katika nyumba za safu, wenye sauti kubwa walioridhika sana ni 24 katika 47, yaani asilimia 51, na katika nyumba za minara, wenye sauti ndogo walioridhika sana ni 65 katika 140, yaani asilimia 46. Mtu aliyeshika mchoro wa aina za nyumba peke yake angeishauri serikali ya mji ijenge minara na kuacha safu. Mtu aliyeshika michoro miwili pamoja angeuliza kwanza kama wapangaji husikilizwa. Mashauri hayo mawili hayana gharama moja, wala hayaleti maisha yale yale kwa watakaokaa humo.

Turudi sasa kwetu, kwenye lugha. Tuseme mchunguzi amewauliza wazee na vijana, wa mjini na wa shamba, kama wapenda watoto wao wafundishwe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Akichora umri peke yake huenda asione kitu, na akichora mji na shamba peke yake huenda asione kitu. Hata hivyo yawezekana kabisa kwamba vijana wa mjini wanakwenda upande mmoja na vijana wa shamba upande mwingine, kama walivyofanya wapangaji wa Copenhagen, na hesabu ya jumla ikawapatanisha watu ambao wenyewe hawakupatana. Shauri la elimu likikatwa juu ya mchoro huo, litakuwa limekatwa juu ya maoni ya mtu wa wastani ambaye hayupo mjini wala shamba.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwanafunzi anayeanza kazi hii ni kwamba asiharakie mchoro wa mwisho. Achore kwanza jumla, kisha kila hali peke yake, kisha hali mbili mbili pamoja, na kila mara asome idadi kabla ya kusoma asilimia. Michoro mingi ataitupa, na hiyo si hasara. Kompyuta haichoki, na karatasi haikutumika. Itakayobaki iwe ile ambayo mjibu mwenyewe, akionyeshwa, angeweza kuweka kidole juu ya kipande kimoja na kusema: mimi nimo hapa. Alitufungulia mlango wake, akaacha kazi zake, akajibu maswali ya mtu asiyemjua. Kumtafutia mahali pake katika mchoro ni sehemu ya deni letu kwake.